Koili ya majaribio ya detekta: tengeneza mwenyewe ujue ubovu uko wapi

Detekta ya vyuma ikianza kupiga kelele ovyo, au ikinyamaza hata ukiipitishia nyundo, kabla ya kufungua chochote inabidi ujue kama ubovu uko kwenye koili (ile ringi ya waya inayopitishwa juu ya ardhi) au kwenye kisanduku (chenye saketi na betri). Hivi karibuni nilikuwa namwelekeza mtu kwa simu. Tulipoanza kuongea alishang'oa transista mbili kwenye saketi, kumbe waya ulikuwa umekatikia ndani ya kebo, pale inapoingia kwenye koili. Angekuwa na koili ya pembeni ya kuchomeka, asingegusa hizo transista.

Koili ninayoieleza hapa si ya kwendea porini. Haina ganda la kuzuia maji wala haihitaji kupendeza. Kazi yake ni kukaa mezani na kukuambia upande upi ni mzima. Inafaa moja kwa moja kwa detekta za mapigo, zile zinazojulikana kama PI, zinazotuma umeme kwa mapigo mafupi kupitia koili ya waya mmoja. Kwa detekta za VLF, zile zinazotuma wimbi mfululizo la masafa ya chini, matumizi yake ni tofauti kidogo, nitayaeleza mwishoni. Zipo pia mashine mpya ambazo koili yake ina chipu ya utambulisho ndani. Hizo hazitaikubali koili yoyote ya kutengeneza mwenyewe, kwa hiyo usijisumbue nazo kwa njia hii.

1. Pima kwanza koili uliyonayo

Weka mita kwenye omu na upime koili ya zamani kupitia pini za plagi yake. Koili nyingi za PI zinasoma kati ya nusu omu na omu 3. Kabla ya kuandika namba, gusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, usome zinaonyesha ngapi, kisha utoe namba hiyo kwenye kipimo cha koili. Kwa vipimo vidogo namna hii nyaya za mita peke yake zinaweza kukuongezea 0.3.

Mita ikiwa bado imeunganishwa, kunja kebo karibu na plagi, kisha karibu na koili. Namba ikirukaruka, umeshapata jibu na huna haja ya kuendelea. Isiporukaruka, andika namba hiyo, utaihitaji.

2. Waya na umbo

Chukua waya wa shaba uliopakwa vanishi, ule wa kusukia mota, unene wa milimita 0.5. Mita 17 zinatosha na chenji inabaki. Kama koili yako ya asili ilisoma chini ya omu 1, tumia wa milimita 0.8, maana mashine hiyo imezoea mkondo mkubwa na waya mwembamba utaipunguzia nguvu mpaka udhani kisanduku kimechoka.

Umbo la kuzungushia liwe ndoo au kopo la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 20. Watu wengi hupigilia misumari ya duara kwenye ubao. Siipendi njia hiyo. Waya unakuwa na kona kila penye msumari, vanishi inakwaruzika, na mtu akisahau msumari mmoja kwenye ubao, koili nzima haina maana tena. Ndoo ni duara tayari, na haina chuma ukishaondoa mkono wake.

3. Zungusha

Mizunguko 23, yote upande mmoja, imebanana kama fungu moja. Waya wa milimita 0.5 kwenye kipenyo cha sentimita 20 utakupa induktansi (uwezo wa koili kuhifadhi nishati kwa sumaku) ya takriban mikrohenri 300, ambacho ni kipimo cha kawaida kwa koili za PI. Ukitumia waya wa kawaida wenye ganda la plastiki, fungu linakuwa nene na induktansi inashuka, kwa hiyo fanya mizunguko 25.

Ncha ya kuanzia na ya kumalizia zisilale pamoja ndani ya fungu. Kila pigo linapokatika, koili ya PI hurudisha volti mia kadhaa, na volti hizo zote ziko kati ya ncha hizo mbili. Vanishi ikiwa na mkwaruzo hapo, cheche itapita na utakuwa umetengeneza ubovu mpya. Ziache zitoke sehemu moja lakini zikiwa na nafasi ya kidole kati yake.

Funga fungu kwa uzi kila baada ya sentimita chache kabla ya kulitoa kwenye ndoo, kisha lizungushie tepu ya umeme. Libane vizuri, waya usicheze.

4. Unganisha kebo

Kwangua vanishi kwa msasa mpaka shaba ing'ae pande zote, chovya solda, unganisha. Kebo ya koaksia (aina ya kebo ya antena ya TV) ya mita moja inatosha. Karatasi ya alumini ya kukinga kelele usiiweke. Mezani haina faida kubwa, na ukiizungusha hadi ncha zake zikagusana inakuwa mzunguko uliofungwa unaokula pigo lote.

Pima omu tena. Kwa waya wa 0.5 utasoma karibu 1.3. Kwa wa 0.8, karibu 0.5. Ukisoma kubwa kuliko hapo, vanishi haijakwanguka vizuri.

5. Hakiki mikrohenri

Mwenye mita ya LCR, ile inayopima induktansi, anapima tu. Asiye nayo achukue kapasita ya filamu ya mikrofaradi 1, aiunganishe sambamba na koili, apitishe mawimbi kutoka programu ya simu inayotoa toni kupitia rezista ya kilo-omu 1, kisha atafute kwa oskiloskopu (chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo) masafa ambayo volti zinapanda juu kabisa. Kwa mikrohenri 300 kilele kiko karibu na kilohezi 9.2. Kwa masafa mengine, gawanya 25,330 kwa masafa ya kilohezi yaliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, jibu ni mikrohenri. Ukiwa kati ya 280 na 330, endelea.

6. Plagi

Nakili plagi ya koili ya zamani pini kwa pini, kwa kupima, si kwa kukisia. Baadhi ya mashine zina jozi mbili za pini, moja ya kutuma na moja ya kupokea, na koili ya waya mmoja huziunganisha ndani ya plagi yenyewe. Usipoweka daraja hilo mashine itatuma bila kupokea, na utakilaumu kisanduku bure. Usichomeke wala kuchomoa koili mashine ikiwa inawaka.

7. Rezista ya kutuliza: usiruke hapa

Hapa ndipo mafundi wengi wanapotezea jioni nzima, kwa sababu koili ikiwa sawa kwa omu na kwa mikrohenri bado inaweza kukudanganya.

Pigo linapokatika, koili na kapasita ndogo iliyojificha kwenye kebo, kwenye transista na kati ya mizunguko yenyewe hutaka kuendelea kutikisika kama kengele iliyogongwa. Rezista iliyo sambamba na koili ndiyo inayoua mtikisiko huo. Ikiwa kubwa mno, mtikisiko unabaki hadi wakati mashine inapoanza kusikiliza, nayo inausoma kama chuma: utapata mlio usioisha au kelele za kuja na kupotea. Ikiwa ndogo mno, pigo linashuka polepole, linaacha mkia mrefu, na vitu vidogo havionekani kabisa. Angalia jinsi dalili zote mbili zinavyofanana na kisanduku kibovu. Ndiyo maana nasema usihukumu kisanduku kabla ya kutuliza koili.

Rezista hiyo inaweza kuwa ndani ya kisanduku, ndani ya koili ya zamani, au imegawanywa pande zote mbili. Mita ya omu haitakuonyesha, kwa kuwa omu 1 ya waya inaifunika. Angalia kwenye saketi, karibu na waya wa koili, kama kuna rezista ya kati ya omu 390 na kilo-omu 1 yenye mwili mkubwa. Ipo? Anza bila kuongeza kitu. Haipo? Basi ilikuwa ndani ya koili, na yako inahitaji ya kwake.

Kadirio la thamani unaweza kulipata kwa hesabu: gawanya induktansi kwa kapasita, tafuta kipeuo cha pili, chukua nusu. Mikrohenri 300 na pikofaradi 300 vinakupa omu 500. Kapasita ikipanda hadi pikofaradi 500, omu zinashuka hadi karibu 390. Kwa hiyo urefu wa kebo si jambo dogo: koaksia ya RG-58 ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, RG-59 takriban 67. Mimi natumia RG-59 kwa koili za mezani, na nakata fupi.

Hesabu inakufikisha karibu, lakini rezista ya mwisho utaipata kwa kujaribu. Chukua rezista ya kurekebisha ya kilo-omu 5, aina ya kaboni, uiunganishe mfululizo na rezista ya omu 220 ili usije ukaifikisha sifuri kwa bahati mbaya. Jozi hiyo iweke sambamba na koili. Anza juu kabisa, shuka taratibu.

Ukiwa na oskiloskopu, usipime kwenye koili moja kwa moja. Pima baada ya rezista ya kuingilia ya kikuzaji cha kwanza cha ishara, penye diodi mbili zilizolala sambamba, kila moja ikielekea kinyume cha mwenzake. Diodi hizo zinakata volti kubwa na kukuachia takriban volti 0.6, na kipande cha mwisho cha mshuko, ambacho ndicho unachokitafuta, kinaonekana wazi. Ukilazimika kupima kwenye koili, tumia probu ya mara 10, soma volti zilizoandikwa juu yake kabla ya kugusa, na uendeshe mashine kwa betri tu. Kwenye saketi nyingi za PI upande mmoja wa koili uko kwenye chanya ya betri, na ardhi ya oskiloskopu ikikutana na chaja ya umeme wa ukutani kitu kitaungua.

Mstari ukishuka, ukavuka sifuri na kurudi, rezista bado ni kubwa. Ukijikokota kuelekea sifuri, ni ndogo mno. Unataka ule unaoshuka upesi na kutulia bila kuvuka. Zima, chomoa, pima jozi yako ni omu ngapi, kisha weka rezista moja ya thamani hiyo.

Bila oskiloskopu inawezekana, ila inataka uvumilivu. Shika sarafu sentimita 10 juu ya koili, shuka na rezista mpaka kelele ya bure ikome, kisha simama hapo hapo. Ukiendelea kushuka utaona sarafu inabidi isogee karibu zaidi ndipo isikike, na hiyo ni dalili kwamba umepitiliza.

Rezista iwe ya watti 1 au 2, ya filamu ya metali au kaboni. Pigo la ampea 2 kwenye mikrohenri 300 lina milijuli 0.6. Mapigo 1,000 kwa sekunde ni watti 0.6, na sehemu kubwa ya joto hilo inaweza kuishia hapo. Kamwe usitumie rezista iliyosukwa kwa waya, kwani hiyo yenyewe ni koili.

8. Soma majibu

Weka koili mbali na meza ya chuma, mbali na chaja na taa za LED, vua saa na pete. Washa.

Mashine ikitulia na kuona sarafu, kisanduku ni kizima. Rudi kwenye koili ya zamani na kebo yake. Ikinyamaza kabisa, ndipo ufungue kisanduku, ukianzia na transista ya kutuma. Ikipiga kelele zilezile za mwanzo, geuza koili ikae wima kisha izungushe taratibu. Kelele ikibadilika kwa kufuata mwelekeo, inatoka nje, kwenye nyaya za umeme au mtambo jirani. Isipobadilika hata kidogo, iko ndani ya kisanduku, na mimi huanza na betri na kapasita za kuchuja umeme kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wenye VLF

Detekta ya VLF ina koili mbili zilizopangwa zifutane, kwa hiyo ringi hii haiwezi kuchukua nafasi ya koili yake. Lakini inaweza kusikiliza. Toa rezista ya kutuliza, unganisha ringi kwenye oskiloskopu, ilaze juu ya koili ya VLF iliyowashwa. Unapaswa kuona wimbi laini la masafa ya mashine, mara nyingi kati ya kilohezi 5 na 20. Wimbi likiwepo na likiwa imara ukitikisa kebo, upande wa kutuma unafanya kazi, na msako wako uhamie kwenye koili ya kupokea na saketi yake. Lisipokuwepo, pima omu za koili ya kutuma kwenye plagi kabla ya kufungua kisanduku. Mashine zinazotuma masafa mengi kwa pamoja zitaonyesha wimbi lenye umbo la ajabu, na hilo si ubovu.