Kutafuta habari ya zamani katika mikrofilamu za magazeti, na kiasi cha kuziamini

Hivi karibuni nilimsindikiza ami yangu kutoka Lamu hadi Nairobi, kutafuta katika mikrofilamu za maktaba, yaani filamu zenye picha ndogo za kurasa za magazeti ya zamani, habari ya jahazi la babake lililozama mwaka wa mafuriko, yaani 1961.

Kwanza, kabla ya kuvuka kwenda Mokowe kupanda basi, ipigie maktaba simu uulize kama miezi unayoitaka ipo na kama mashine ya kusomea ni nzima. Litaje gazeti kwa jina lake la wakati huo: African Standard la Mombasa liliitwa East African Standard tangu 1905, kisha likahamia Nairobi 1910.

Pili, pachika filamu uizungushe kwa mkono. Mashine za mota sizipendi, kwa sababu hukurusha wiki nzima kabla hujakodoa macho. Filamu inayonuka siki imeanza kuharibika, mrudishie mhudumu.

Tatu ni tarehe, na hapa ndipo tulipopoteza siku nzima. Ami alishikilia kwamba jahazi lilizama usiku wa Ijumaa. Asubuhi nilikiona kipande cha mistari sita, chini kabisa ya ukurasa, kuhusu jahazi lililozama karibu na Kizingitini, lakini gazeti hilo la Kiingereza lilisema Alhamisi usiku, nami nikakipita. Tulipekua hadi mwisho wa Desemba bila kupata kitu. Jioni ile, ambayo ilikuwa Alhamisi, tulipotoka kuswali Magharibi, ami akaniambia, "Mwanangu, usiku wa Ijumaa ushaingia." Nilisimama pale pale mlangoni, viatu mkononi. Kwetu usiku hutangulia mchana wake, ilhali mwandishi wa gazeti lile alibadilisha siku saa sita ya usiku. Kwa hiyo walikuwa wakiutaja usiku mmoja.

Kumbuka pia kwamba tarehe iliyo juu ya ukurasa ni ya kuchapishwa, na habari za Lamu zilichelewa kufika, basi soma angalau wiki mbili mbele. Usiseme "haikuandikwa" kabla ya kuhesabu kurasa, maana filamu huonyesha nakala ile tu iliyopigwa picha, pamoja na mapengo yake. Tafuta na masahihisho: siku nne baadaye gazeti lilelile liliwapunguza waliokufa kutoka tisa hadi sita, na hao sita ami anawajua kwa majina.

Nne, piga picha kwa simu: kichwa cha gazeti chenye tarehe, ukurasa mzima, kisha kipande chenyewe.