Kutazama Ndege wa Ziwa Victoria Mwanza kwa Kufuata Upepo na Mwezi

Mkazi wa Mwanza ana bahati ambayo watazamaji wengi wa ndege huisafiria masafa marefu, kwa kuwa ndege wa majini wamemzunguka: wako juu ya miamba, ndani ya matete, kwenye mialo ya wavuvi na hata juu ya mapaa ya soko la samaki la Kirumba Mwaloni. Wengi, hata hivyo, hufika ziwani saa sita mchana, jua likiwa la utosi na maji yamechafuka, wakaona yangeyange wawili watatu na kunguru, kisha wakarudi nyumbani wakiamini kwamba ndege wa kutazamwa wako Serengeti. Tatizo lao ni saa waliyoichagua na mahali waliposimama, na hayo mawili yanaweza kurekebishwa bila gharama yoyote.

Miongozo mingi ya kutazama ndege wa ufukweni imeandikwa kwa ajili ya bahari. Mtazamaji wa pwani ya Uskoti, kwa mfano, hutoka nyumbani baada ya kuangalia jedwali la maji kupwa na kujaa, kwa sababu maji yanapojaa kwenye midomo ya mito huwasogeza chamchanga na ndege wengine wa matopeni hadi karibu naye, na yanapokupwa wao hutawanyika mbali wasikoonekana vizuri. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, kwa hiyo ushauri huo hautufai kama ulivyo. Lakini mwezi unaoongoza bahari ya Uskoti unaongoza pia maisha ya ziwa letu, ingawa kwa njia nyingine, na mtu anayeujua mwezi pamoja na upepo ataona ndege wengi kuliko mwenye darubini ya bei ghali asiyevijua.

Tuanze na upepo. Usiku na alfajiri hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani na maji hutulia. Kadiri jua linavyopanda, nchi hupata joto haraka kuliko maji, na upepo hugeuka ukaanza kuvuma kutoka ziwani na kuinua mawimbi. Ndege wanaotafuta samaki kwa macho hufanya kazi yao kwa urahisi maji yakiwa bado yametulia, nawe pia utawaona vizuri wakati huo. Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki wa ghuba yake, maana yake ni kwamba asubuhi ukitazama majini jua linakuwa mgongoni kwako na rangi za ndege zinaonekana zilivyo, ilhali alasiri unatazama mng'ao mtupu na kila ndege anageuka kivuli cheusi. Fika ufukweni kunapopambazuka na ukae hadi saa tatu au saa nne. Jioni nenda kwa jambo moja tu, nalo ni kuwatazama yangeyange na minandi wakirudi kwa makundi kwenye malalo yao, kwa sababu hapo unachohitaji ni umbo na idadi, si rangi.

Kuhusu mwezi, waulize wavuvi wa dagaa. Wao huvua usiku kwa taa, na taa huwavuta dagaa vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, mitumbwi mingi hupumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo katika siku za giza dagaa huanikwa kwa wingi mchangani na kwenye vichanja, na mwalo hujaa ndege wanaookota, wanaoiba na wanaosubiri. Wadudu wadogo wa ziwani nao, wale wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi, hutoka kwa wingi zaidi siku za karibu na mwezi mwandamo. Ukiona moshi wa namna hiyo umesimama juu ya ziwa, tazama pembeni mwake, kwa kuwa mbayuwayu na buabua wanaweza kuufuata kwa ajili ya mlo. Nakushauri uandike umri wa mwezi katika daftari lako kila unapotoka. Watazamaji wengi hawafanyi hivyo, na hukosa kuelewa kwa nini mwalo uleule ulijaa ndege wiki moja na kuwa mtupu wiki nyingine.

Vifaa havihitaji maelezo marefu. Darubini ya macho mawili yenye alama 8×42 inatosha kabisa: namba ya kwanza ni mara ambazo kitu kinakuzwa, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Zinazokuza mara kumi au zaidi hutikisika mno ukiwa ndani ya mtumbwi. Beba daftari, kalamu ya risasi isiyofutika kwa unyevu, kofia na maji ya kunywa, hayo yanatosha. Asiye na darubini asisubiri hadi aipate, maana ndege wa mialo na miamba ya mjini wamezoea watu na huonekana vizuri kwa macho matupu.

Chagua sehemu moja ya ufukwe iliyo karibu na nyumbani na uifanye kuwa darasa lako kabla ya kwenda mbali. Luchelele, Igombe na Kayenze zina mialo na ufukwe. Miamba ya Capri Point na Mwamba wa Bismarck hufikika kwa miguu kutoka katikati ya mji. Na Kisiwa cha Saanane, ambacho kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kinafikiwa kwa boti kwa muda mfupi na kina njia za kutembea kati ya mawe na miti. Kivuko cha Kamanga nacho ni mahali pazuri pa kutazamia, kwa kuwa unapata katikati ya ghuba bila kukodi mtumbwi. Hata hivyo, sehemu moja unayoirudia itakufundisha zaidi ya sehemu kumi unazopita mara moja, kwa sababu utaanza kujua nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, na nani amebadilisha tabia.

Ndege wa kuanza naye ni mdiria mweusi kwa mweupe, ambaye hukaa juu ya kamba za mitumbwi, vijiti vya nyavu na matawi yanayoning'inia juu ya maji. Mtazame kifuani kwanza. Dume ana mikanda miwili myeusi, wa juu mpana na wa chini mwembamba; jike ana mmoja tu, nao kwa kawaida umekatika katikati. Tofauti hiyo inaonekana hata kutoka mbali, na ukishaizoea utaanza kutambua jozi na familia. Kisha mtazame akiwinda: akikosa mahali pa kutua huelea hewani palepale, mabawa yakipiga kwa kasi, mdomo umeelekezwa chini, halafu hujitupa majini kama jiwe. Samaki akiwa mkubwa humpeleka kwenye kijiti na kumgonga mpaka afe. Akiwa mdogo, ndege huyu anaweza kummeza akiwa bado angani, na uwezo huo ndio unaomwezesha kuwinda mbali na ufukwe ambako wadiria wengine hawafiki.

Kuna jambo jingine linalofanya ndege huyu astahili asubuhi nzima. Hutaga katika mashimo anayochimba kwenye kingo za udongo, na mara nyingi vifaranga hulishwa na zaidi ya wazazi wawili. Utafiti uliofanywa katika Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha ulionyesha kwamba wapo madume wasaidizi: baadhi ni watoto wa jozi hiyo wa msimu uliopita, na wengine si ndugu kabisa. Huku kwetu, ambako maji huchafuka na samaki wanaopatikana ni wadogo, wazazi huwapokea wasaidizi wasio ndugu kwa urahisi zaidi kuliko kule Naivasha, kwa sababu bila msaada ni vigumu kuwashibisha vifaranga wote. Ukipata ukingo wenye mashimo, kaa mbali, angalau mahali ambapo ndege wanaingia na kutoka bila kusita, kisha hesabu ni ndege wangapi tofauti wanaopeleka samaki katika shimo moja. Hakuna somo la elimu ya viumbe litakalokaa kichwani mwa mtoto kama hilo.

Kwenye miamba utawaona minandi, mmoja mkubwa mwenye kifua cheupe na mwingine mdogo mwenye mkia mrefu, wakiwa wametanua mabawa ili yakauke. Miamba iliyopakwa rangi nyeupe kwa kinyesi inaonyesha kutoka mbali mahali wanapopenda kulala. Furukombe utamsikia kabla hujamwona: hutupa kichwa nyuma na kupaza sauti inayovuka ghuba nzima, na ukifuata sauti hiyo utaona kichwa cheupe juu ya mti mrefu kuliko yote ya ufukweni. Fundichuma, wa kahawia na mwenye kishungi kinachofanya kichwa kifanane na nyundo, hujenga kiota kikubwa mno cha vijiti na matope. Ukikiona kiota hicho umeshajua mahali pa kumtafuta. Wapo wanaomwita domokiatu, na si kweli: domokiatu ni ndege mkubwa wa kijivu wa mabwawa makubwa kama yale ya Moyowosi na Malagarasi, na asitarajiwe katika ufukwe wa Mwanza.

Mialoni kuna korongo mfukoshingo, mwewe, na kunguru mwenye kifua cheupe, ambao hawahitaji kutafutwa. Weka jicho lako kwa shakwe. Aliye mdogo, mwenye kichwa cha kijivu wakati wa kuzaliana, ni mwenyeji wetu. Kati ya miezi ya Oktoba na Machi huwa kunaongezeka wakubwa zaidi wenye mgongo wa rangi ya giza na miguu ya njano, na baadhi yao wamezaliwa Finland. Watafiti wa huko huwavalisha pete za rangi zenye herufi na namba, kwa hiyo tazama miguu ya kila shakwe mkubwa aliyetua; ukiweza kusoma alama au kuipiga picha, taarifa yako itaunganisha mwalo wa Igombe na kisiwa cha Bahari ya Baltiki. Chamchanga wadogo wanaotikisa mkia kwenye mawe ya ukingoni nao ni wageni kutoka kaskazini, na huanza kufika tangu mwezi Agosti.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni mafunjo, nayo ndiyo inayodai subira zaidi. Ndege wa mafunjo hujificha, na kuwaingilia ni hatari kwa sababu ya mamba na viboko, kwa hiyo kazi yako ni kusimama kwenye ukingo mkavu na kusikiliza. Tiva wa mafunjo huimba kwa jozi, mmoja akianza na mwenzake akimdakia upesi hivi kwamba utadhani ni ndege mmoja. Akijitokeza utaona utosi wa manjano, mgongo mweusi na kifua chekundu sana. Asichanganywe na ndugu yake mwenye kichwa cheusi chote, ambaye huishi pia katika vichaka vya ufukweni. Mnana mdogo wa njano mwenye mdomo mwembamba hushona kiota chake juu ya maji. Tafadhali usipige sauti za ndege kwa simu ili kuwatoa nje, hasa wakati wa viota, kwani dume huacha kazi yake na kumtafuta adui asiyekuwepo.

Mafunjo haya yanakatwa na kuchomwa kwa ajili ya bustani, na inaniuma kila ninapoona ukingo mweusi wa majivu mahali palipokuwa na nyimbo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mtazamaji wa ndege anayejua sheria hiyo na kuandika tarehe, mahali na alichokiona ana kitu cha kupeleka kwa ofisa mazingira wa kata au wilaya.

Kabla ya kuinua darubini mwaloni, salimia. "Shikamoo" kwa wazee na "mwangaluka" ya asubuhi kwa Wasukuma hufungua mlango, kisha mweleze kiongozi wa mwalo unachofanya, maana mtu mgeni anayetazama mitumbwi ya wenzake kwa darubini hutiliwa shaka, na ni haki yao. Usielekeze darubini wala kamera kwenye bandari, uwanja wa ndege au maeneo ya jeshi. Usitembee ndani ya maji ya kina kifupi, kwa kuwa kichocho kipo. Ukikodi mtumbwi, vaa jaketi okozi, ondoka alfajiri na urudi kabla upepo wa ziwani haujashika nguvu.

Rudi na kumbukumbu zilizokamilika: tarehe, saa, mahali, upepo, umri wa mwezi, aina, idadi, na kile ndege alichokuwa akifanya. Ziingize katika programu ya eBird, ambayo ni ya bure na hutunza orodha zako kwa miaka. Kila mwezi Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini barani Afrika, iliyoanza mwaka 1991, na takwimu za ufukwe mmoja zilizochukuliwa kwa utaratibu uleule kila mwaka zina thamani kubwa kuliko orodha ndefu ya safari moja. Chagua ufukwe wako sasa, pima mwanzo na mwisho wake kwa alama zisizohama kama mwamba au mti mkubwa, na Januari ikifika uwahesabu ndege wote waliomo kati ya alama hizo, asubuhi, kabla upepo haujageuka.