Tango la Uani Lamu na Malindi: Onja Maji Kwanza, Kisha Uchague Mbegu

Kabla hujanunua mbegu, chota maji ya kisima utakachomwagilia, uyaonje. Tango halistahimili chumvi. Ukiisikia chumvi wazi mdomoni, mmea utaumia: majani ya chini yataungua kingo, maua yatapukutika na matunda yatadumaa. Mwenye kifaa cha kupima chumvi ya maji asivuke 1.7 dS/m, kizio kinachoonyeshwa na kifaa hicho. Juu ya hapo mavuno huanza kushuka, na hushuka kwa kasi.

Maji ya visima vya karibu na bahari hubadilika kwa msimu. Baada ya masika huwa baridi, yaani hayana chumvi, na kaskazi inapokausha, Januari hadi Machi, chumvi hupanda. Kwa hiyo mwenye kisima tu apande Julai hadi Septemba, mvua kubwa ikishapungua, au mara vuli inapoanza Oktoba. Mwenye jabia au tangi la maji ya mvua ana uhuru zaidi: achanganye maji ya mvua na ya kisima nusu kwa nusu, na mara moja kwa wiki amwagilie maji ya mvua matupu kwa wingi ili chumvi iliyojikusanya kwenye mizizi isukumwe chini. Miche michanga ipewe maji baridi pekee.

Mbegu ipi?

Usichague kwa picha ya pakiti. Angalia mambo mawili: mbegu inastahimili magonjwa gani, na maua yake yanahitaji nyuki au hayahitaji.

Ashley, na Poinsett iliyozaa Poinsett 76, zilizalishwa South Carolina, Marekani, kwenye joto na unyevu mwingi. Ashley na Poinsett 76 zote mbili huvumilia ubwiri vinyoya, ugonjwa unaomaliza matango mengi wakati wa mvua. Poinsett 76 huvumilia pia magonjwa ya ukungu ya ubwiri unga na chule, na ndiyo ya kupanda pale mvua inapokaribia. Marketmore 76, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cornell, New York, inajulikana kwa kuhimili virusi vya batobato, na ni nzuri kipindi cha ukavu ambapo vidukari wanaovieneza huwa wengi. Zote tatu hutoa maua ya kiume na ya kike na hutaka nyuki. Uvumilivu huo hupunguza ugonjwa tu, hauuzuii kabisa.

Kwa bustani ya juu ya dari katika mji wa Lamu, kuta ndefu zimekuzunguka na nyuki ni adimu, tafuta F1 (mbegu chotara) ya aina ya Beit Alpha inayozaa bila uchavushaji. Matunda yake ni mafupi, ganda laini, hayamenywi. Soma pakiti vizuri, maana Beit Alpha ya asili inahitaji nyuki na jina ni lile lile. Panda mche mmoja kwa ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, mahali penye jua la saa sita au zaidi. Uani penye kivuli tango hurefuka tu bila kuzaa.

Shimo na mbolea

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana. Weka chini vipande viwili vya makumbi ya nazi, upande uliobonyea ukitazama juu, vishike maji. Makumbi yaliyowahi kufukiwa pwani kwa ajili ya usumba (nyuzi za makumbi) yana chumvi, kwa hiyo yaloweke siku mbili kwa maji baridi, uyamwage, urudie. Juu yake jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza: nusu debe kwenye mchanga mtupu, robo debe kwenye udongo mwekundu wa Magarini. Mchangani acha uso wa shimo ukiwa chini kidogo ya usawa ili maji yakae. Kwenye udongo mzito wa kando ya mto Sabaki fanya kinyume, inua tuta la sentimita 20, kwani mizizi ya tango huoza ikituamiwa na maji.

Samadi ya punda, ambayo Lamu haikosekani, ni nzuri, lakini usiitie mbichi. Punda hacheui kama ng'ombe, hivyo mbegu nyingi za nyasi hutoka zikiwa nzima. Ilundike, iloweshe, ifunike, uigeuze kila wiki mbili kwa miezi miwili au mitatu.

Jivu liache jikoni. Udongo wenye vumbi la matumbawe tayari una chokaa nyingi, na jivu huongeza tatizo lile lile. Dalili ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani: madini ya chuma yamo udongoni ila mmea haupati kuyanyonya. Dawa ni kuongeza samadi.

Panda mbegu mbili au tatu kwa shimo, kina cha sentimita 2, shimo hadi shimo sentimita 40, mstari hadi mstari mita 1. Kwa joto la pwani zitaota siku ya nne hadi ya sita. Yakitoka majani mawili halisi, bakisha mche wenye nguvu na ukate mingine kwa mkasi. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya ule unaobaki.

Simika fito za mkoko zenye urefu wa mita 1.8 na uzifunge kamba za usumba, tango lipande. Kusi ikivuma, weka kizuizi cha makuti upande wa kusini, chenye nafasi za kupitisha upepo kiasi. Ukiziba kabisa, upepo huruka juu na kupiga mimea upande wa pili.

Mpe kila mmea lita 1 kwa siku mwanzoni, na lita 2 hadi 3 unapozaa, ukigawa asubuhi na alasiri. Mwaga shinani, usiloweshe majani. Mmea ukianza kupanda, weka kijiko cha chai kimoja cha CAN (mbolea ya dukani ya naitrojeni) kila wiki mbili, sentimita 10 kutoka shinani. Usitie vitatu kwa mpigo, kwani mchangani mbolea hiyo huzama na maji.

Maua na uchungu

Maua ya kwanza huwa ya kiume na yatapukutika. Usiogope. La kike lina kitango kidogo nyuma yake. Tunda likinona upande mmoja na kukonda mwingine, nyuki hawakutosha: chuma ua la kiume kabla ya saa nne asubuhi, ondoa petali, uguse nalo katikati ya maua ya kike mawili au matatu. Mbegu zisizohitaji nyuki usizifanyie hivi, matunda yatavimba kwa mbegu.

Wengi husema tango huwa chungu likipandwa karibu na tikiti. Sivyo, mimea hii haizaliani. Uchungu hutokana na joto na kumwagilia leo na kuruka kesho. Hukusanyika zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda, kwa hiyo kata upande huo na umenye kwa kina.

Inzi wa matunda hudunga vitango vichanga na kutaga ndani, kisha tunda huoza likiwa kwenye mti. Funika kitango kwa mfuko wa karatasi mara ua linaponyauka. Yaliyodungwa yafunge ndani ya turubai jeusi juani wiki mbili, usiyatupe pembeni mwa shamba. Kwa vidukari na inzi weupe, twanga gramu 50 za kokwa za mwarobaini kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja, unyunyize jioni chini ya majani. Ukiona mmea unanyauka mchana na maji yapo, ng'oa mmoja: mizizi yenye vinundu ni minyoo fundo, wapendao mchanga. Hapo usipande tena tango, nyanya, bamia wala biringani kwa misimu miwili.

Kati ya siku ya 45 na 60 anza kuvuna, matunda yakiwa sentimita 15 hadi 20, kila baada ya siku moja, kwa kisu. Tango moja likiachwa kuiva manjano, mmea hupunguza kuzaa. Mbegu za F1 usizitunze. Za Ashley au Poinsett 76, ikiwa hakuna aina nyingine ya tango iliyopandwa karibu, acha tunda moja mwisho wa msimu mpaka liwe la manjano iliyokolea, kamua mbegu kwenye maji, ziache zichachuke siku mbili au tatu, osha, tupa zinazoelea, na uanike kivulini.