Maharage makavu: kulainika sio kuiva

Wengi wetu tukipika maharage tunaangalia kitu kimoja tu, yamelainika au bado. Sasa shida inaanzia hapo, maana maharage, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu yake ya asili inaitwa lektini na dawa yake ni moto mkali, sio ulaini. Punje nne tano mbichi zinatosha kukuangusha, ndani ya saa moja mpaka tatu unaanza kutapika, tumbo linasokota, unaharisha. Mara nyingi inapita yenyewe baada ya masaa kadhaa ila hutaisahau.

Chambua kwanza, toa mawe na yale yenye ukungu au matundu ya wadudu, osha, halafu loweka kwenye maji mengi kwa sababu yanavimba sana. Masaa 5 ndo kima cha chini, mi naloweka nikienda kulala. Asubuhi utakuta maji yamebadilika rangi na vipovu vinaelea juu, usiyaonee huruma, mwaga yote. Kuna wanaolalamika eti unamwaga virutubisho, sawa, kidogo vinaondoka, lakini unamwaga pia zile sukari zinazoleta gesi tumboni na sehemu ya hiyo sumu.

Weka maji mapya, washa moto mkubwa mpaka maharage yenyewe yawe yanarukaruka, na uyaache hivyo hivyo, dakika 10 ndo mwisho wa chini kabisa ila 30 ndo unakuwa na uhakika. Baada ya hapo punguza moto uendelee taratibu. Hapa ndo majungu ya umeme ya kupika polepole yanawaponza watu, mengine hayafiki nyuzi 100, na maharage yaliyokaa kwenye nyuzi 80 hivi yanaweza kuwa na sumu kali kuliko hata mabichi, huku ukiyabonyeza yanabonyea vizuri tu! Kama unalo, chemsha kwanza kwenye sufuria ndo uhamishie huko.

Nyanya na limao subiri yaive kwanza, asidi inafanya yagome kulainika. Magadi yanalainisha haraka kweli ila yanaua vitamini B1, mi siweki. Kujua yameiva chota punje chache na kijiko uzipulize, ganda likipasuka na kujikunja bonyeza kwa vidole viwili, katikati kusiwe na kiini kigumu. Yakigoma masaa na masaa ujue ni ya zamani sana.

Kikombe kimoja yakishaiva kina protini kama gramu 15, nyuzinyuzi nyingi, foleti na madini ya chuma. Hayo madini mwili unayachukua vizuri ukila na kitu chenye vitamini C, chai isubiri baadaye inayazuia. Protini yake ina upungufu kidogo, nafaka yoyote inaziba hilo pengo, hata mkila milo tofauti siku hiyo hiyo.

Yakibaki yaingie kwenye friji ndani ya masaa mawili, kwenye vyombo vifupi ili yapoe haraka. Ya kopo yalishapikwa kiwandani, hayo pasha tu ule.