Somo: Kuzipima sayari za TRAPPIST-1 kwa kikokotoo cha simu

Wakuu, habari za leo. Zile picha za sayari saba zinazosambaa mitandaoni kila mara, moja ina bahari, nyingine imejaa barafu, zote ni za kuchora. Hakuna aliyewahi kuiona hata sayari moja ya TRAPPIST-1. Zimebanana mno na nyota yao kiasi kwamba darubini haziwezi kuzitenganisha nayo. Karibu yote tunayoyajua yametoka kwenye mambo mawili: mwanga wa nyota unapungua kiasi gani, na unapungua kila baada ya muda gani. Leo tunachukua namba hizo tuone zinatufikisha wapi. Fungua kikokotoo cha simu na uilaze simu kwa ubavu ili vitufe vya vipeuo vitokee.

Hatua ya 1: Ijue nyota kwanza

Usianze na sayari. Kila utakachopata kuhusu sayari kinaegemea nyota, ukikosea nyota umekosea vyote.

TRAPPIST-1 ni nyota kibete nyekundu iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru 40, kwenye kundinyota la Ndoo. Jina limetokana na darubini ya TRAPPIST, yenye kioo cha sentimita 60, iliyoko La Silla nchini Chile na kuendeshwa na Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji. Timu ya Michaël Gillon ilitangaza sayari tatu mwaka 2016. Kisha darubini ya anga ya Spitzer ikaikodolea macho nyota hiyo kwa takriban siku 20, na Februari 2017 zikatangazwa sayari saba.

Andika pembeni: masi ya nyota ni 0.09 ya Jua. Kipenyo ni 0.119 ya Jua, yaani kama mara 13 ya Dunia. Imeizidi Mshtarii kidogo tu. Mwanga wake wote ni 0.00055 ya ule wa Jua.

Hatua ya 2: Soma grafu ya mwanga

Grafu ina muda chini na mwanga ubavuni. Mstari unakwenda sawa, halafu unazama, unakaa kidogo chini, unapanda tena. Hapo sayari imepita mbele ya nyota, tunaita mpito. Kwa sayari ya b (sayari hizi zimepewa herufi b hadi h, kuanzia iliyo karibu zaidi na nyota) mpito mzima unachukua kama dakika 36, na mwanga unapungua kwa asilimia 0.73 hivi.

Mstari huo haujanyooka kama wa vitabuni. Ni vidoti vilivyotawanyika, na nyota za aina hii zina milipuko inayorusha mwanga juu ghafla. Ndiyo maana mpito mmoja hautoshi. Ukiona bonde lenye kina kilekile likirudi kila baada ya siku 1.51, hapo una sayari ya kuifuatilia.

Hatua ya 3: Ukubwa

Sayari inaziba eneo la duara, si upana wake tu, kwa hiyo tunahitaji kipeuo cha pili. Asilimia 0.73 ni 0.0073. Kipeuo chake cha pili ni 0.0854. Zidisha kwa 13, unapata 1.11. Sayari ya b ina kipenyo kinachozidi cha Dunia kwa kama asilimia 11. Basi, hatua hii imeisha.

Hatua ya 4: Umbali kutoka kwenye nyota

Hapa ndipo wengi huteleza, twende taratibu. Tunatumia kanuni ya tatu ya Kepler: chukua muda wa mzunguko *kwa miaka*, uuzidishe kwa wenyewe, zidisha kwa masi ya nyota, kisha tafuta kipeuo cha tatu. Jibu linakuja kwa kizio cha umbali wa Dunia hadi Jua.

Tuchukue sayari ya e, inayozunguka kwa siku 6.10:

6.10 ÷ 365.25 = 0.0167
0.0167 × 0.0167 = 0.000279
0.000279 × 0.09 = 0.0000251
Kipeuo cha tatu = 0.0293

Zidisha kwa kilomita milioni 150: ni kama kilomita milioni 4.4. Utaridi, sayari iliyo jirani zaidi na Jua letu, iko wastani wa kilomita milioni 58. Mfumo mzima wa TRAPPIST-1, sayari zote saba, unaingia ndani ya mzingo wa Utaridi na nafasi inabaki tele.

Hatua ya 5: Joto linaloifikia

Gawa mwanga wa nyota kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. 0.00055 ÷ (0.0293 × 0.0293) = 0.64. Sayari ya e inapokea karibu theluthi mbili ya nishati tunayopokea sisi. Hilo halisemi kama kuna joto au baridi huko chini. Hiyo ni kazi ya angahewa, na kikokotoo hakiijui.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, na uzito wanaupataje? Mwanga hauna kilo.
Swali zuri, mkuu. Sayari hizi zinavutana zenyewe kwa zenyewe, hivyo mpito mmoja unawahi kwa dakika kadhaa na mwingine unachelewa. Kutokana na kuwahi na kuchelewa huko wanakokotoa masi. Mizunguko pia imefungamana: b ikizunguka mara 24, c ni karibu 15, d 9, e 6, f 4, g 3 na h 2. Kwa mpangilio huo walikisia muda wa h kabla ya kuuthibitisha kwenye data za darubini ya Kepler.

Kwa nini zinaanzia b? a imeenda wapi?
a ni nyota yenyewe.

Niko Tanga. Naweza kuiona kwa darubini ndogo?
Kuiona hapana. Ina ukubwa-mng'ao (kipimo cha mng'ao, namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu zaidi) wa karibu 18.8, na jicho linaishia kwenye 6. Lakini mko pazuri kuliko wengi: nyota hii inapita karibu kabisa utosini mwa Tanga. Mwanzoni mwa Novemba, kama saa mbili usiku, angalia juu moja kwa moja, mawingu ya vuli yakikuruhusu. Iko hapo hapo.

Je, kuna hewa huko?
Darubini ya James Webb ilipima joto la b, matokeo yakatoka 2023: upande wa mchana una kama nyuzi 230 za Selsiasi, dalili kwamba haina angahewa ya maana. Ya c nayo haikuonyesha angahewa nzito ya hewa ukaa kama ya Zuhura. Macho yote sasa yako kwa e.

Kama sayari haipiti mbele ya nyota kwa upande wetu?
Basi njia hii haiioni kabisa, dada. Kwa umbali kama wa e, uwezekano wa kukaa sawa na macho yetu ni kama asilimia 2. Mfumo huu umetugeukia kwa bahati, na majirani zake wengi huenda wana sayari ambazo hatutazijua kwa mipito.

Nimejaribu h, siku 18.77. Nimepata 3.16. Mbona iko mbali kuliko Mirihi?
Umeingiza siku badala ya miaka, mkuu. Gawa kwanza kwa 365.25, kisha malizia mistari iliyobaki, mwishoni utapata 0.0619. Ukiendelea na hatua ya 5 itoke 0.14, yaani chini hata ya Mirihi, inayopata 0.43. Ikitoka tofauti, weka hapa mistari yako yote minne tuiangalie.