Kununua upanga wa kale wa Kijapani pamoja na mapambo yake

Anayenunua upanga wa kale wa Kijapani wenye mapambo kamili ananunua vitu viwili kwa mpigo: ubapa wa feleji, na koshirae, yaani ala, mpini, kikinga mkono na vipambo vyote vinavyouvika ubapa huo. Havikutengenezwa na fundi mmoja, mara nyingi havina umri mmoja, na huko Japani hata vyeti vya ubora hutolewa mbalimbali. Ubapa wa karne ya 16 kuvaa koshirae ya karne ya 19 ni jambo la kawaida, wala si kasoro. Hasara huja pale macho yanapokwama kwenye dhahabu ya mpini, ubapa usikaguliwe.

Kwanza amua urefu. Wajapani hupima kwa shaku, sawa na sentimita 30.3. Ubapa usiofika shaku moja ni tanto, kati ya shaku moja na mbili ni wakizashi, na unaozidi sentimita 60.6 ni katana. Kipimo huchukuliwa kwa mstari ulionyooka kutoka ncha hadi kijino cha mgongoni karibu na mpini; msuka, yaani sehemu inayoingia ndani ya mpini, hauhesabiwi. Kwa ununuzi wa kwanza tunashauri wakizashi ya zama za Edo (1603–1868). Kuvaa katana kulikuwa haki ya samurai, lakini wakizashi iliruhusiwa hata kwa wafanyabiashara, na waliokuwa na fedha waliivisha mapambo ya hali ya juu. Zimebaki nyingi. Kwa bei ya katana iliyochoka unaweza kupata wakizashi nzima yenye koshirae ya kujivunia.

Epuka panga zenye ala na mpini wa pembe za ndovu au mfupa, zilizochongwa watu na maua kila mahali. Nyingi zilitengenezwa kwa wageni baada ya serikali ya Meiji, iliyofuata zama za Edo, kupiga marufuku kuvaa panga hadharani mwaka 1876, na ubapa wake kwa kawaida hauna thamani. Zaidi ya hayo, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilifungwa kwa uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo mzigo wa namna hiyo unaweza kukuingiza matatani forodhani.

Ubapa ukaguliwe mtupu

Muuzaji asiyekubali kuvua mpini mwache. Ukinunua kwa mbali, omba picha za ubapa mtupu pande zote mbili, msuka pande zote mbili, ncha kwa karibu, sehemu ya chini ambapo makali yanaanza, na kila kipande cha koshirae kikiwa kimetenganishwa. Omba pia urefu, upana chini na karibu na ncha, na unene.

Ukiwa nao mkononi, uchomoe makali yakiwa yameelekea juu, ili mgongo ndio uteleze ndani ya ala. Usiguse feleji kwa vidole. Jasho huacha kutu yenye umbo la alama za vidole. Sukuma kigingi cha mwanzi, mekugi, kutoka upande mwembamba kwenda mnene. Shika mpini kwa mkono wa kushoto, ubapa ukiwa karibu wima, kisha piga ngumi ya kulia juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Mtikisiko huo hulegeza msuka. Anza taratibu, kwa sababu tanto ni nyepesi na inaweza kuruka nje ya mpini. Usipige kikinga mkono kwa nyundo hata kama kimekwama.

Soma msuka kabla ya kitu kingine. Kutu ya karne kadhaa ni ya kahawia iliyoiva au nyeusi, laini, na imeingia ndani ya michoro ya sahihi ya fundi kwa rangi ile ile. Kutu ya rangi ya chungwa, au weusi uliolingana kama rangi ya kupaka, ni dalili ya kitu kipya kilichozeeshwa. Pia, sahihi inayong'aa ndani ya mifereji yake ilichongwa baada ya kutu kuota. Msuka hausafishwi kamwe: ukisugua kutu hiyo umefuta ushahidi wa umri, na sehemu kubwa ya bei imekwenda nayo.

Majina makubwa ya mafundi yaliigwa tangu zamani. Masamune, Muramasa na Kotetsu ni kati ya yaliyoghushiwa zaidi, mara nyingine juu ya bapa nzuri kabisa za mafundi wengine. Ubapa usio na sahihi hauna aibu yoyote. Panga ndefu za kale zilifupishwa kwa kukatwa upande wa msuka, sahihi ikaondoka, ndiyo maana misuka mingi ina matundu mawili au matatu ya kigingi. Tunapendelea mara mia ubapa usio na jina kuliko jina lenye mashaka.

Sasa tazama mstari wa ugumu, hamoni. Elekeza ubapa kwenye taa moja ya balbu, si taa ndefu ya mirija, na uutazame kwa mshazari kana kwamba unalenga. Hamoni ya kweli inatokana na kuchovya chuma cha moto majini kikiwa kimepakwa udongo, na chini ya taa huonekana kama ukungu mweupe au punje ndogo zinazometa ndani ya feleji yenyewe. Iliyochorwa kwa tindikali ni doa la kijivu lisilo na kina. Ifuate kuanzia chini hadi ncha bila kuruka sehemu. Ndani ya ncha inapaswa kugeuka na kurudi kuelekea mgongoni. Ikiishia kwenye makali kabla ya kugeuka, ncha ilivunjika ikachongwa upya, na hakuna fundi atakayerudisha kilichopotea.

Kasoro hazilingani uzito. Mbaya kuliko zote ni hagire, ufa mwembamba kama unywele unaokata makali kwa njia panda na kuingia kwenye hamoni. Hauzibiki wala hauondoki kwa kunolewa, na huweza kufichwa na mikwaruzo au mafuta, basi pitisha jicho kila sentimita. Ya pili ni saiha: ubapa ulioungua motoni ukazimishwa upya. Hupoteza thamani kubwa hata ukionekana safi. Viupenyo vidogo vya mshono wa chuma, kutu ya juu na vijipengo vifupi vinavumilika kama bei imeshuka kwa kadiri hiyo.

Kuna pia uchovu. Bapa nyingi zina chuma laini ndani na feleji ngumu nje, na kila kunolewa hupunguza ile ya nje. Ukiona mabaka mepesi yasiyo na nyuzi katikati ya ubapa, chuma cha ndani kimetokeza. Kijino cha chini ya makali kikiwa karibu kutoweka, maana ni hiyo hiyo.

Usinunue ubapa wenye kutu kwa matumaini ya kuunolea. Mnoaji aliyefunzwa hutoza kwa sun, sentimita 3.03, na katana ya sentimita 69.7 ina sun 23. Ongeza habaki mpya, kola ya chuma inayokaa chini ya ubapa, na ala ya kuhifadhia, na gharama huzidi bei ya wakizashi nyingi. Fundi wa visu au mashine ya kusaga huharibu ubapa kabisa kwa saa moja.

Koshirae

Anza na swali moja: je, mavazi haya yalikatwa kwa ubapa huu? Tundu la kigingi kwenye mpini lilingane na la msuka bila kulazimisha. Habaki ikamate mdomo wa ala, upanga usidondoke ukiinamishwa wala usihitaji nguvu kuchomoka. Ubapa ukichezacheza au kukwaruza ndani, ala ni ya upanga mwingine. Hesabu seppa, vipande bapa vinavyobana kikinga mkono: viwili vinatosha. Vikiwa vinne, au kukiwa na karatasi imekunjwa ndani, kikinga mkono kimetoka kwingine. Vijazio vya shaba kwenye tundu la kikinga havina ubaya. Vinaonyesha tu kwamba kiliwahi kuvaliwa na bapa tofauti.

Kikinga mkono, tsuba, ndicho huigwa zaidi. Cha kale cha chuma kina ngozi nyeusi ya kahawia inayong'aa kwa upole, na kuzunguka tundu la msuka huwa na alama za patasi alizopiga fundi alipokifunga. Cha kumiminwa kwenye kalibu hujisaliti kwa mshono ndani ya matundu, vijitundu vya mapovu, na kingo za mchoro zilizolegea.

Vipambo bora vya mpini, yaani noleo (fuchi), kifuniko cha mwisho (kashira) na menuki zilizo chini ya uzi, mara nyingi ni vya shakudo, shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo na kutiwa weusi wa kibuluu. Familia ya Goto iliwahudumia watawala kwa vizazi vingi kwa kazi hii: uwanja wa vidoto vidogo vilivyopangwa kwa safu, na juu yake picha ya dhahabu. Tazama safu hizo kwa kioo cha kukuza. Kwenye kazi nzuri zinanyooka. Kwenye nakala zinayumba au zimelainika. Weusi huo ni ngozi nyembamba tu, na dawa ya kung'arishia shaba huung'oa moja kwa moja.

Uzi wa mpini uliofungwa upya si hasara ikiwa kazi ni safi, kwani uzi wa zamani huoza. Ngozi ya samaki aitwaye taa chini yake iwe na vinundu vya ukubwa tofauti. Vikilingana vyote, ni plastiki. Kwenye ala kagua ufa kwenye mshono wa mbao, na vipande vya pembe ya nyati, ambavyo wadudu huvitoboa. Kisu kidogo cha pembeni, kozuka, mara nyingi kimepotea, na bei ipungue.

Vyeti, ruhusa na safari

Kadi ya usajili ya Japani, torokusho, hutolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Inaandika aina, urefu, mpindo, idadi ya matundu na sahihi kama inavyosomeka. Haithibitishi kwamba sahihi ni ya kweli, ingawa wauzaji wengine huionyesha kana kwamba inathibitisha. Kazi hiyo hufanywa na NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani, kilichoanzishwa 1948, chenye madaraja manne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Ukiona jina kubwa lenye cheti cha mfumo wa zamani tu, wa kabla ya 1982, uliza kwa nini halikupelekwa kukaguliwa upya. Linganisha picha ya msuka iliyo kwenye cheti na msuka wenyewe, tundu kwa tundu.

Upanga hautoki Japani bila kibali cha Idara ya Utamaduni, Bunka-cho. Muuzaji huomba, hurudisha torokusho, na kibali husafiri na mzigo. Panga kusubiri wiki kadhaa. Kabla ya kulipa, waandikie forodha na polisi wa nchi yako upate jibu la maandishi. Vitu vya kale vinavyozidi miaka 100 vina fungu lake la ushuru, 9706, kwa hiyo maelezo ya mzigo yataje umri. Uingereza imezuia panga zilizopinda za sentimita 50 na zaidi tangu 2008, isipokuwa za kabla ya 1954 au zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi. Mkazi wa huko aweke vyeti karibu. Kubaliana pia siku za kukagua na kurudisha, kwa maandishi.

Ukiufikisha Mombasa, Unguja au Muscat, adui ni hewa ya chumvi. Ubapa ukae kwenye ala nyeupe ya mbao, shirasaya, na koshirae ishikwe na ubapa wa mti, kwani ala ya zamani huweza kuwa na chembe za kutu zinazokwaruza. Kila mwezi futa mafuta ya zamani kwa kitambaa laini na spiriti safi, tazama chini ya taa, upake utando mwembamba wa mafuta ya choji, mafuta mepesi yenye karafuu kidogo. Yakitiririka, umezidisha. Na usiweke ala ya rangi ya lakeri mbele ya kiyoyozi. Mbao hunywea, lakeri ikapasuka kwenye mshono.