Jinsi ya Kuhamisha Umiliki wa Gari la Kale Lisilo na Rejeta: Niliyoyapitia Kigoma

Gari ninalolizungumzia ni Volkswagen Karmann Ghia, lile la milango miwili lenye umbo la gari la mashindano, lililochorwa na kampuni ya Ghia ya Turin na kuundwa na kampuni ya Karmann huko Osnabrück, Ujerumani, kuanzia mwaka 1955 hadi 1974. Chini ya umbo hilo la kuvutia mna sakafu na injini ya Volkswagen ya kawaida: silinda nne zilizolala, zimewekwa nyuma, zinapozwa kwa upepo wa feni bila tone la maji. Undugu huo ndio unaoliwezesha gari kutengenezwa na fundi wa Mwanga au Gungu hapa Kigoma asiyewahi kuliona kabla, na undugu huohuo ndio uliokaribia kunikosesha kadi ya gari. Nililipa malipo ya awali mwezi Februari nikaipata kadi yenye jina langu Oktoba. Kama ningefuata mpangilio ninaoueleza hapa, naamini ningemaliza ndani ya nusu ya muda huo.

Kwanza, tuachane na wazo la kuagiza kutoka nje, labda uwe na fedha za kuchezea. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya sentimita za ujazo 1001 na 2000 ni asilimia 5, gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake, kisha juu ya vyote hivyo inakaa VAT ya asilimia 18. Kwa kuwa kila kodi inapanda juu ya mgongo wa nyingine, utajikuta unalipa karibu bei ya gari na usafiri wake kwa mara ya pili, na bado tozo ndogondogo hazijahesabiwa. Vilevile, ukiambiwa kwamba gari liliingia zamani kupitia Manyovu, mpakani na Burundi, au lilivushwa ziwani, na mwenye nalo hana karatasi ya forodha ila historia ndefu, isikilize historia hiyo mpaka mwisho, umshukuru, uondoke. Tafuta gari lililokwisha kusajiliwa Tanzania na lenye kadi halisi, si nakala iliyolaminishwa.

Magari ya umri huu, hata hivyo, yana tabia moja: wenye majina yaliyoandikwa kwenye kadi mara nyingi wamekwisha kufariki. Langu nililikuta Ujiji, limefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya marehemu aliyelinunua kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Kijana wake mkubwa alinionyesha muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi saba, unaosema kwamba yeye ndiye aliyeteuliwa kusimamia mali za baba yao. Karatasi ilikuwa na muhuri wa serikali ya mtaa, nami nikaona imetosha. Nikatoa shilingi milioni nne kati ya tisa tulizokubaliana, na hapo ndipo kosa langu lilipoanza.

Muhtasari wa kikao cha ukoo haumfanyi mtu kuwa msimamizi wa mirathi, unampendekeza tu. Anayemteua msimamizi ni mahakama, na mpaka mahakama itakapofanya hivyo, hakuna mtoto, mjane wala mjomba mwenye uwezo wa kusaini mkataba wa kuuza gari la marehemu. Kwa mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, mlango ni Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi. Kwa mirathi isiyofuata hizo, mlango ni mwingine, na ni vema umwone wakili kabla ya kupanga foleni isiyokuhusu. Mwombaji hujaza Fomu Na. 1, akiambatisha cheti cha kifo na huo muhtasari wa kikao. Tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku ya shauri ikifika bila pingamizi, mahakama hutoa Fomu Na. 4, ambayo ndiyo barua ya usimamizi. Karatasi hiyo ya ukurasa mmoja ndiyo uliyopaswa kuiomba kabla hata ya kuuliza kama injini inawaka.

Sisi tuliipata baada ya miezi mitano, na ucheleweshaji wenyewe haukutokana na hakimu. Cheti cha kifo hakikuwepo, kwa kuwa familia ilikuwa na kibali cha mazishi tu na iliamini ni kitu kilekile. Kilipopatikana, kilikuwa na majina matatu ya marehemu, ilhali kadi ya gari ilikuwa na majina mawili, la pili likiwa limeandikwa kwa herufi tofauti. Ikabidi kuapa hati ya kiapo kuthibitisha kwamba marehemu wa cheti na mmiliki wa kadi ni mtu mmoja. Kisha mtoto wa pili, anayeishi Kalemie, ng'ambo ya ziwa nchini Kongo, akatuma ujumbe kwamba hakushirikishwa katika kikao na kwamba sahihi iliyo mbele ya jina lake si yake. Alisema kweli. Alisubiriwa mpaka alipovuka ziwa, kikao kikafanyika upya, na shangazi yao, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaniambia, “Mwanangu, wewe ulikuja kununua gari au ulikuja kuozwa?” Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhudhuria vikao viwili vya ukoo usio wangu.

Katika kipindi hicho pia ndipo nilipokutana na kishoka mmoja, yaani wakala asiye rasmi, kijana mtanashati mwenye bahasha ya kaki, aliyenihakikishia kwamba kwa shilingi 150,000 kadi ingetoka bila mambo ya mahakama. Nililipa. Simu yake haijapatikana hadi leo. Ninataja kiasi hicho kwa makusudi, kwa sababu utakiona tena hapa chini.

Wakati familia ikihangaika na mirathi, mnunuzi mwenye akili hakai bure, anahakiki namba. Namba ya chasisi ya gari hili imegongwa kwenye mgongo wa sakafu chini ya kiti cha nyuma. Inua kiti, futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, uisome mwenyewe. Gari la mwaka 1968 lina tarakimu tisa tu, mbili za kwanza zikiwa 14, ambazo ni aina ya gari, na ya tatu ikiwa 8, yaani mwaka. Usishangae mtu akikwambia namba haijakamilika, kwani macho ya wengi yamezoea namba ya herufi na tarakimu 17, utaratibu ulioenea kuanzia mwaka 1981. Usichanganye pia na kibao kidogo cha Karmann, ambacho ni namba ya bodi na hakina kazi yoyote katika usajili. Kwa nyongeza, ukiweza kuchagua, chukua gari la mwaka 1968 au baadaye, kwa sababu mengi yaliyotangulia yanatumia umeme wa volti 6, na betri ya namna hiyo sijapata kuiona duka lolote kuanzia hapa hadi Tabora.

Namba ya injini ndiyo iliyonitoa jasho. Imegongwa kwenye mwili wa injini, chini kidogo ya mahali jenereta inapokaa. Kadi ilionyesha namba inayoanza na H, ambayo ni injini ya sentimita za ujazo 1500. Iliyokuwemo ilianza na AD, ambayo ni ya 1600. Injini hizi zinaingiliana kwa boliti nne, na fundi aliyewahi kulihudumia gari alipachika ya pili zamani sana bila mtu yeyote kukumbuka kuripoti. Kwa fundi hilo ni jambo la mchana mmoja. Kwa makaratasi, ni injini isiyojulikana ilikotoka, na swali linalofuata ni kama imeibwa. Ukikuta tofauti hiyo, mabadiliko ya injini yaombwe kwanza, kwa jina la mmiliki wa zamani kupitia msimamizi wake, ndipo uhamisho ufuate; mimi nilijaribu kuviomba vyote kwa pamoja nikarudishwa na mafaili yangu yote mawili. Utahitaji uthibitisho wa chimbuko la injini na ripoti ya mkaguzi wa magari wa polisi. Risiti haikuwepo, ila fundi mwenyewe alikuwa hai, amestaafu Kasulu, akakubali kuapa mbele ya wakili kwamba aliitoa kwenye Kombi, basi dogo la Volkswagen, iliyopinduka.

Kwenye ukaguzi nilikwenda nimejiandaa kueleza kwa nini gari halina rejeta na kwa nini boneti ya mbele ina tairi la akiba na tangi la petroli. Haikuhitajika. Mkaguzi aliyenihudumia alikuwa mtu mzima aliyejifunzia udereva kwenye Volkswagen, akainua kiti cha nyuma kabla sijafungua mdomo, akasoma namba, kisha akanirudisha nyumbani kwa sababu ya mikanda ya viti, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi mwanga. Alikuwa na haki, hasa kwa huo mtungi, maana bomba la petroli la gari hili linapita karibu na injini, na mpira wake ukizeeka unachuruzika palipo na moto. Alinikumbusha pia kuangalia mkanda wa feni, kwa kuwa ndio unaozungusha jenereta na feni ya kupoza kwa pamoja: ukikatika, taa nyekundu ya chaji inawaka, na dereva anayeendelea na safari akidhani ni betri tu anaiua injini kabla hajafika kilima kinachofuata.

Yaliyobaki ni mepesi. Mkataba wa mauziano uandikwe na kushuhudiwa na wakili, utaje namba zote mbili na bei, na muuzaji asaini kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, si kwa jina lake tupu. Muuzaji na mnunuzi wote wawe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na kitambulisho cha Taifa. Ambatisha kadi halisi, Fomu Na. 4, cheti cha kifo, hati ya kiapo kama majina yanapishana, na picha zako ndogo. Toa nakala tatu za kila kitu, kwa sababu mashine ya nakala iliyo jirani huharibika siku ileile unayoihitaji. Kwa Mamlaka ya Mapato, nilipofanya mimi, ada ya uhamisho ilikuwa shilingi 50,000, kadi mpya shilingi 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, yaani shilingi 90,000 kwa gari langu. Jumla ni shilingi 150,000, kiasi kilekile alichoondoka nacho kishoka. Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo tu, na uhakiki viwango upya, kwa sababu hubadilika kila bajeti ya Julai. Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017, hivyo mtu asikudai. Bima ndogo, nilipoikata mimi, ilikuwa shilingi 118,000 pamoja na VAT. Bima kubwa nimeiuliza sehemu tatu, na kote waliniomba mwaka wa gari, wakacheka kwa adabu, wakanirudishia ile ndogo.

Kadi ikishatoka, peleka nakala yake na ya mkataba kwa msimamizi wa mirathi. Naye ana deni mahakamani: anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. 5 na hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6 ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, na bila karatasi zako hawezi kueleza gari limekwenda wapi wala fedha zimegawanywaje. Mimi nilizipeleka Ujiji kwa gari lenyewe. Shangazi alizipokea, akazisoma zote, akahesabu sahihi, ndipo akaomba apelekwe hadi Mwanga na kurudi.